Mgeni na kifaa chake

Ijumaa, usiku. Miguu inauma kwa kupanda na kushuka ngazi ya kutundikia picha, na kucha zangu zina rangi ya bluu ambayo sabuni imeshindwa kuitoa. Wiki yetu ya mihadhara na sanaa imekwisha. Ripoti inatakiwa Jumatatu, nami najua itakavyosomeka: wageni wawili wamezungumza na wanafunzi, picha zimeonyeshwa, mashairi yamesomwa, mahudhurio mazuri. Huku kwenye shajara naweza kuandika yaliyobaki.

Mgeni wa kwanza alikuja na suti nzuri, sauti nzuri na slaidi thelathini na kitu. Alituhimiza tuote ndoto kubwa, na ukumbi ulipiga makofi kila alipotaka upige. Jioni niliwauliza wanafunzi watatu: yule mgeni akifika kazini asubuhi, anafanya nini hasa? Hakuna aliyejua. Mimi mwenyewe sikujua, na ndiye niliyemwalika.

Wa pili alikuwa mpima ardhi. Hakuomba projekta. Alishusha kwenye gari miguu mitatu ya mbao na sanduku moja, akatutoa wote nje, akaanza kusawazisha theodolaiti yake, darubini ya kupimia pembe, akiwa ametugeuzia mgongo. Nilianza kutokwa na jasho, maana wanafunzi mia mbili wakikaa dakika tano bila kuambiwa kitu hugeuka soko. Hawakugeuka. Walisogea kutazama kiputo cha hewa kwenye kile kichupa cha kuonyesha usawa kikihangaika kutafuta katikati. Mgeni, bila kuinua kichwa, akasema aliwahi kurudia kazi ya siku nzima kwa sababu mguu mmoja ulikuwa unazama taratibu kwenye udongo laini. Hiyo ndiyo hadithi pekee ya maisha yake aliyotupa.

Kisha akauliza: ncha ya paa la ukumbi wenu iko juu kiasi gani? Makundi mawili yakapima, kila moja kwa zamu yake. Mita 20 kutoka ukutani, pembe ya nyuzi 24. Tanjenti, ile hesabu ya kupata kimo kwa pembe na umbali, wanaijua, tumeifundisha mpaka imewachosha. Kundi la kwanza likapata mita 8.9, la pili mita 10.4. Kelele! Kila upande ukadai wenzao hawajui kutumia kikokotoo. Mpima ardhi alikunja mikono tu. Nilitaka kuingilia, akanitazama kwa jicho la "Mwalimu, subiri kwanza."

Aliyeumaliza ubishi ni msichana mmoja wa kidato cha pili ambaye kwenye kipindi cha hesabu huwa anajificha nyuma ya mwenzake mrefu. Aliwauliza kundi la kwanza, "Nyie mmeanza kuhesabu kutoka wapi? Ardhini au kwenye jicho la kifaa?" Kimya. Wakachukua utepe, wakapima kimo cha kifaa kutoka chini: mita 1.5. Ndiyo tofauti yao yote. Pembe ilipimwa kutoka kwenye darubini, si kutoka kwenye nyasi, na kundi la kwanza lilisahau kuongeza kile kipande cha chini. Mada hiyo nimeifundisha miaka mingi, na kimo cha mpimaji nimekitaja kila mwaka. Hakijawahi kuleta ugomvi mtamu namna ile.

Nimekuwa nikimfikiria mwanasayansi Michael Faraday wiki hii. Mwaka 1812, akiwa kijana wa miaka 20 anayejifunza kujalidi vitabu, alipewa tiketi na mteja akaenda kusikiliza mihadhara minne ya mkemia Humphry Davy huko London. Alinukuu kila kitu, akajalidi maandishi yake, karibu kurasa 300, akamtumia Davy. Mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa msaidizi kwenye maabara yake. Kinachonigusa ni kile alichokinukuu: kemia, majaribio, vyombo. Davy hakuwa amesimama pale kuwaambia watu wanaweza. Naye Faraday zamu yake ilipofika, aliwaeleza vijana mshumaa unavyowaka, mwaka 1848 na tena 1860. Mshumaa tu.

Usiku wa mashairi ulikuwa mrefu kupita kiasi. Washairi thelathini na mmoja! Mwakani nusu yake, hata wakininunia.

Maonyesho ndiyo yaliyonipa raha nisiyoitarajia. Mwalimu wa sanaa aliwafundisha kuchapa picha za bluu kwa jua, njia aliyoivumbua mwanasayansi John Herschel mwaka 1842, ambayo mtaalamu wa mimea Anna Atkins aliitumia mwaka uliofuata kuchapa picha za mwani. Unachanganya chumvi mbili zenye chuma, unapaka karatasi mahali penye mwanga hafifu, ikikauka unalaza jani juu yake na kuipeleka juani. Ukiisuuza kwa maji, palipopigwa na jua huwa bluu na palipofunikwa hubaki peupe. Mimi nilitaka vibandiko viwe na jina la kazi na jina la msanii, basi. Mwalimu mwenzangu akakataa: waandike pia dakika za juani na kilichotokea. Alikuwa sahihi. "Dakika 4, wingu likapita." "Dakika 12, nilisahau." Binti mmoja alilaza mkono wake mwenyewe; umetoka mweupe vizuri, isipokuwa kidole cha mwisho kina ukungu. Kibandiko chake: "Dakika 10. Kidole kiliniwasha." Wazazi walisimama hapo kuliko popote, wakiulizana.

Tulipokuwa tunatundika tulikubaliana katikati ya kila picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni, karibu na usawa wa macho ya mtu mzima. Yule msichana wa kidato cha pili alikuwa ameshika utepe upande wa chini. Akasoma namba, akacheka peke yake. "Mwalimu, ni ile ile ya kifaa."

Leo mchana nimeongeza swali moja kwenye barua ya mwaliko ya muhula ujao: utakuja na kifaa gani cha kazi yako? Mgeni wa kwanza ameshajibu. Atakuja na slaidi. Nimemwandikia tena, kwa heshima zote: na nini kingine?