Bao Nililolijua kwa Ukimya

Naandika saa nane usiku, miguu imevimba kwa saa sita za kukaa ndani ya basi, na sauti imenikauka kiasi kwamba waliokuwa macho nyumbani nimewasalimia kwa kupunga mkono. Tumetoka sare ya bao moja kwa moja.

Safari ya kwenda haina mengi: nyimbo, usingizi, na ubishi kuhusu beki wa kushoto ambao hakuna kocha atakayeusikia. Tuliposhuka niliifunika jezi yangu kwa koti, si kwa kuwa mtu alinitishia, bali kwa sababu barabara nzima ilivaa rangi isiyo yetu, nikajikuta natembea kwa adabu ambayo kwetu sina.

Tulipangwa kwenye pembe nyuma ya goli, tukitenganishwa na wenyeji kwa safu za viti vitupu na mstari wa walinzi waliougeuzia uwanja mgongo ili watutazame sisi. Katika mashindano ya klabu ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, mashabiki wageni hutengewa angalau asilimia 5 ya nafasi, na sisi sidhani kama tulizidi hapo. Kila wimbo tuliouanzisha ulimezwa kabla ya kufika ubeti wa pili. Zamani niliamini kwamba faida ya kucheza nyumbani hutokana na kuzoea nyasi na kuepuka uchovu wa safari, mpaka msimu wa 2020/21, mechi zilipochezwa karibu zote bila watazamaji, timu za ugenini katika Ligi Kuu ya Uingereza zikashinda mara nyingi kuliko wenyeji. Jana nilikuwa ndani ya kelele hizo: mchezaji wetu akimgusa tu mpinzani, maelfu walisimama wakidai adhabu, na mara mbili nina hakika filimbi ilipulizwa kwa ajili yao. (Nasi kwetu hufanya vivyo hivyo, na siku hizo huwa simlaumu mwamuzi.)

Bao letu lilifungwa dakika ya 71, kwenye lango la mbali. Niliiona kona ikipigwa, nikaona vichwa vikipanda, kisha sikuona kitu tena. Nilichokitambua ni ukimya. Uwanja mzima ulizimika ghafla, na katika ukimya huo, kabla hatujapata pumzi ya kushangilia, nilimsikia mchezaji mmoja akipiga ukelele peke yake kule mbali. Ndipo tukalipuka. Miwani yangu iliruka. Mtu wa safu ya chini, ambaye sijawahi kumwona, akaiokota na kunivalisha kwa mikono yake. Kioo kimoja kilibaki na alama ya kidole gumba chake, nami sikuifuta mpaka mwisho wa mchezo.

Walisawazisha katika dakika za nyongeza, hapo hapo mbele yetu. Katika ligi bao la ugenini halina uzito wa ziada, na hata UEFA waliifuta mwaka 2021 kanuni iliyolifanya liamue mshindi jumla ya mabao ya mechi mbili ikiwa sawa, lakini mimi moyoni bado nalihesabu mara mbili.

Baada ya mchezo tulizuiwa jukwaani takriban dakika arobaini, ili wenyeji watawanyike kwanza. Watunza uwanja walikuwa wakirudishia vipande vya nyasi vilivyong'oka, wakivikandamiza kwa miguu, taratibu, kana kwamba sisi hatupo. Mlinzi aliyekuwa akinitazama tangu saa kumi jioni akanisogelea.

"Kaka, bao lenu lilifungwaje?"

"Kwa kichwa. Kona."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa jirani. "Na letu?"

Nikamwambia ukweli: la kwao lilifungwa hatua chache nyuma ya mgongo wake, lakini mimi nilikuwa nimefumba macho.

"Basi," akasema, "hatukuliona sote wawili."