Nilivyoipanga Nemo kwa ajili ya kaunta

Programu nyingi za kufungulia mafaili zimetengenezwa kwa mtu aliyetulia peke yake na mafaili yake mwenyewe. Mimi nina steshenari karibu na chuo hapa Morogoro, kutwa nafungua mafaili ya watu, na wenyewe wamesimama mbele yangu wakiangalia saa. Mwalimu ameleta flashi iliyojaa mitihani, anautaka mmoja tu, na nyuma yake kuna sauti: "Dada, yangu kurasa mbili tu, nimalizie kwanza."

Kompyuta zangu zinatumia Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Nilihamia huko kwa sababu ya vile virusi vya flashi vinavyoficha mafolda ya mteja na kumwachia shotikati za uongo; vimeandikwa kwa ajili ya Windows, huku havipati pa kushika. Mint ninayotumia, toleo la Cinnamon, inakuja na Nemo, programu yake ya kufungulia mafaili. Hii ilizaliwa mwaka 2012, baada ya watu wa GNOME, watengenezaji wengine wa programu za Linux, kupunguza mambo kadhaa kwenye Nautilus, programu yao ya mafaili, ikiwemo kugawa dirisha mara mbili kwa kubonyeza F3. Watu wa Mint hawakukubali, wakachukua programu ile wakaiendeleza kivyao. Mungu awabariki, maana F3 ndiyo inayoniweka mjini: kushoto flashi ya mteja, kulia folda ya kazi za leo, naburuta tu.

Cha kwanza nilichoondoa ni ikoni kubwa. Zinapendeza, ila hazisomeki. Watu wetu wanaanza majina ya mafaili kwa maneno yaleyale: BARUA YA MAOMBI YA KAZI HALMASHAURI YA KILOSA, BARUA YA MAOMBI YA KAZI HALMASHAURI YA MVOMERO. Kinachotofautisha kiko mwishoni kabisa, na mwishoni ndipo jina refu linapokatwa na kuwekewa vidoto. Ukibonyeza Ctrl+2 unapata orodha. Ukitanua safu ya majina, kila barua inajitaja mpaka wilaya. Kwenye mipangilio nimeifanya orodha iwe ya kudumu, na nimeweka tiki pale pa kupuuza mwonekano wa kila folda, la sivyo folda moja inafunguka hivi na nyingine vile.

Halafu nikapanga kwa tarehe, jipya juu. Mteja anayetaka kuprinti mara nyingi ameandika jana usiku, kwa hiyo faili lake liko mstari wa kwanza au wa pili hata kama ameliita "CV mpya mwisho kabisa 2". Mtego upo: kompyuta ya zamani iliyokufa betri ya saa inaandika tarehe za ajabu. Mtu anaapa ameandika jana, faili linasema 2010. Hapo unashuka chini ya orodha.

Kilichoniokolea muda kuliko vyote ni menyu ya kubofya kulia. Nemo inakuruhusu kuiongezea kitu chako: unatengeneza kifaili cha maandishi chenye jina linaloishia na .nemo_action, unakiweka ndani ya ~/.local/share/nemo/actions. Humo unaandika jina litakaloonekana, amri ya kutekelezwa, na aina ya mafaili yanayohusika. Mimi nina "Printi kopi 1" yenye amri lp %F, na "Printi kopi 2" yenye lp -n 2 %F, zote kwa PDF peke yake (lp ni amri ya kuprinti, %F ni mafaili uliyochagua). Faili halifunguliwi tena. Binti ninayefanya naye kazi, ambaye habari za Linux hataki hata kuzisikia, hilo alilizoea siku hiyohiyo.

Kunakili kwenda kwenye flashi ni habari nyingine. Mstari wa kunakili unaweza kufika mwisho huku data bado iko kwenye memori ya kompyuta, haijaandikwa yote kwenye flashi. Mteja ameuona umejaa, mkono wake uko njiani kuichomoa. Kwa hiyo naichomeka flashi kwa nyuma ya kaunta, asipoifikia, naye haipati mpaka nibofye kile kialama cha kuitoa na Nemo iniambie tayari.

Kuna jambo ambalo wenye steshenari wenzangu hawalizungumzi. Ukifungua picha za kitambulisho cha mteja, kompyuta inatengeneza vipicha vidogo na kuvihifadhi ndani ya ~/.cache/thumbnails, na vinabaki hata flashi ikishaondoka. Vingine vina upana wa pikseli 256. Sura ya mtu unaitambua vizuri sana. Orodha ya mafaili ya karibuni nimeizima kwenye mipangilio ya faragha. Vipicha siwezi kuvizima, maana wateja wa picha za pasipoti tunawahudumia kwa kuziona, basi folda ile naifuta kila tunapofunga duka. Ningefurahi Nemo ikipata kitufe cha kusema: vya kwenye flashi onyesha, lakini usiweke.