Ravioli Zangu Zilisukumwa Pembeni

Jumapili iliyopita mke wa mtoto wa bibi ninayemtunza alisukuma sahani yangu pembeni. Hakuionja. Alizitazama zile ravioli, vile vifuko vya unga nilivyovijaza uyoga, akamtazama mumewe, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi: "Huu uyoga kaokota nani?" Bibi akamjibu kwamba nimeokota mimi. Basi akaweka uma chini, akasema watoto wasile kwanza, tusubiri tuone kesho.

Tuone kesho! Yaani mimi na bibi tukiamka salama, ndipo na wao wataamini.

Huu ni mwaka wangu wa nane Italia na nimeshameza mengi. Nimeulizwa kama kwetu kuna friji. Nimekaa kwenye basi, kiti cha pembeni yangu kikabaki kitupu na watu wamesimama. Hayo yanapita. Hili la uyoga halipiti, limenikaa kooni wiki nzima, kwa sababu kama kuna elimu moja niliyopewa na mama yangu mkono kwa mkono, ni hiyo ya uyoga.

Mimi ni mtu wa Mufindi. Mliowahi kupita barabara ya Iringa kwenda Mafinga wakati wa mvua mmewaona akina mama wamepanga ndoo za uyoga kando ya lami, wakikimbilia kila basi linalopunguza mwendo. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Mvua kubwa ikinyesha usiku, alfajiri tumeshaingia msituni, umande umelowesha gauni hadi magotini. Mama hakuwa mtu wa kuonesha kwa kidole tu. Alitaka uunuse, uuvunje, uugeuze utazame chini ya kofia, useme umeota jirani na mti gani. Kuna ule wa manjano wa chini ya miombo. Kuna ule wa kwenye kichuguu, unaolishwa na mchwa wenyewe chini ya ardhi, una mzizi mrefu ambao ukiuvuta kwa pupa unakatikia mkononi. Kuna ule mkubwa mweupe wenye pete shingoni na mfuko chini ya shina. Kila mmoja una jina lake kwa Kihehe. Nikiokota nisioujua, mama aliutupa mbali na kunitafutia maji ninawe kabla sijashika kingine. Ndoo hizo ndizo zilizonunua daftari zangu na sare zangu. Zilizobaki zilipikwa kwa karanga, tukala na ugali.

Halafu mtu aliyezoea uyoga wa kwenye pakiti ya supamaketi ananiuliza mimi kaokota nani.

Ninapoishi ni milimani, mkoa wa Parma, jirani na mji wa Borgo Val di Taro. Wenyeji wanauita Borgotaro. Kwa uyoga, hapa ndipo penyewe. Uyoga wao una jina linalolindwa kisheria Ulaya nzima tangu 1996, kama lilivyolindwa jina la jibini la Parmigiano, kwa hiyo huwezi kuokota kwingine ukauza kwa jina la Borgotaro. Ni aina nne za porcino, ule mnene wenye kofia ya kahawia. Ukiugeuza chini hukuti zile kurasa kama za kitabu, unakuta kitu kama sponji. Haulimwi shambani. Unaishi kwa kushikana na mizizi ya miti hai, hasa ile wanayoiita castagno na faggio, kama ule wetu wa manjano unavyoshikana na miombo. Nilipoelezwa hivyo nilielewa mara moja. Mama aliniambia zamani kwamba ukikata mti umekata na uyoga.

Na wao uyoga mmoja wanauita fungo. Mara ya kwanza nikasikia fungu, nikamwona mama anapanga mafungu yake juu ya kiroba. Dukani msimu huu fungo hilo ni euro 35 kwa kilo. Mnaojua bei ya ndoo pale Mafinga, fanyeni hesabu wenyewe.

Sasa nisimame hapa niseme jambo, maana najua kuna wadogo zangu wanaosoma hii wakiwa tayari Ulaya na wengine wako njiani. Usiokote uyoga wa huku kwa macho ya nyumbani. Nimejisifu hapo juu na sijutii, lakini ule wetu mweupe wenye pete na mfuko, tunaoula vizuri kabisa, umbo lake huku ndilo la muuaji. Unaitwa Amanita phalloides. Kofia yake kwa kawaida ina ukijani, ila mwingine unatoka mweupe, na ukiwa mchanga unaonekana kama yai. Kuuchemsha hakuondoi sumu, kuukausha hakuondoi. Ukiula unaweza kukaa saa sita, saa kumi na mbili, hata siku nzima, husikii kitu. Kutapika kunapoanza, sumu imeshafika kwenye ini. Ujerumani mwaka 2015 wakimbizi wengi, hasa kutoka Syria, walilazwa hospitali kwa uyoga huohuo. Waliokota walichodhani wanakijua kutoka kwao. Hawakuwa wajinga, walikuwa na akina mama kama wangu.

Kwa hiyo mimi, pamoja na elimu yote ya Mufindi, nilianza upya darasa la kwanza. Misimu miwili nilipanda msituni na mzee jirani yetu nikibeba kikapu chake tu. Ndiye aliyeniambia niache mfuko wa plastiki nyumbani, maana sheria yao namba 352 ya 1993 inataka chombo kinachopitisha hewa, ili mbegu za uyoga zianguke njiani zikaote tena. Unakata kibali. Kilo tatu kwa mtu kwa siku, basi. Reki marufuku. Hiyo ya kikapu naipenda sana, na nimemwambia mama, akasema hata wao wangeweza.

Ijumaa nilishuka na kilo mbili na kitu. Sikwenda nyumbani, nilikwenda kwa mkaguzi wa uyoga. Nchi hii inao, wamo kwenye ofisi za afya za serikali, unampelekea ulichookota kwa ajili ya kula mwenyewe na anakukagulia bure. Rudia kusoma hapo: bure. Nimelipia hapa Italia mpaka stempu ya kubandika kwenye fomu, lakini mtu aliyesomea uyoga anatoa kimoja kimoja kwenye kikapu changu, ananusa, anakata kwa kisu, na hanidai senti.

Alitoa mmoja ulioliwa na funza. Kisha akatoa mwingine, mzuri, mnene, niliouokota kwa furaha kuliko yote. Akaugeuza, akanionesha sponji yake ina rangi ya waridi kwa mbali, na shina lina wavu wa mistari ya kahawia iliyokolea. Si wa sumu, akasema, lakini ni mchungu kama nyongo, na mmoja tu unaharibu sufuria zima. Akaniambia niuguse kwa ncha ya ulimi niteme. Niligusa. Mpaka nafika nyumbani uchungu ulikuwa bado mdomoni.

Nilitegemea baada ya hapo anihutubie. Hakufanya hivyo. Aliniuliza nilijifunzia wapi kukata shina vizuri namna ile. Nikamweleza Mufindi, nikamweleza mama, nikafika kwenye uyoga wa vichuguu. Yule baba akaweka kisu chini. Akasema amesoma habari za uyoga wa mchwa miaka yote ya kazi yake na hajawahi kukutana na mtu aliyewahi kuushika. Akamwita mwenzake kutoka chumba cha pili. Wakanikalisha kwenye kiti, wakauliza mzizi una urefu gani, mchwa wa rangi gani, mvua ya mwezi gani, na mmoja anaandika. Mimi, ambaye kwenye ofisi za nchi hii nimezoea kuandikwa jina langu kwa makosa, naandikwa maneno ya mama yangu. Nilitoka pale na karatasi yenye muhuri na machozi yananilenga.

Ravioli zenyewe tulizipika na bibi. Ana miaka 87, vidole vimeshakataa kazi, kwa hiyo anakaa kwenye kiti jikoni na kutoa amri. Uyoga hauloweki majini. Huo ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza, maana mama aliosha maji matatu kutoa mchanga. Huku unafutwa kwa kitambaa kibichi na kukwanguliwa udongo wa chini kwa kisu, kwa kuwa ukinywa maji hauta­kaangika. Nikaukaanga kwa mafuta ya zeituni na siagi, kitunguu saumu kimoja kimepondwa, moto mkali hadi maji yote yakauke. Nikaukatakata kwa kisu. Bibi hataki kusikia habari za blenda. Nikachanganya na ricotta, jibini laini niliyoining'iniza kwenye kitambaa usiku kucha ichuje maji, Parmigiano ya kukwangua, kiini cha yai, na kungumanga, ileile tunayoijua ya Unguja.

Donge ni unga gramu 400 na mayai manne, gramu mia kwa yai, maji hakuna. Unakanda mpaka mikono iume, unalifunika nusu saa lipumzike. Kusukuma ndiko bibi aliniheshimu tangu siku ya kwanza, maana mikono hii ni ya chapati. Ila chapati unaiacha ikiwa na unene wake. Hii unasukuma mpaka inafunika meza na ukiweka kiganja chini yake unakiona. "Bado nene," anasema bibi. Nasukuma. "Bado." Kisha unapanga vijidonge vya uyoga, unafunika, unabana kuzunguka kila kimoja utoe hewa yote, vinginevyo inapasukia majini. Aliyewahi kufunga sambusa hahitaji kufundishwa. Zinachemka dakika tatu nne, moto usiwe wa fujo, zinamwagiwa siagi iliyoyeyushwa na majani ya kunukia wanayoyaita salvia. Usiweke nyanya. Nyanya ingeua harufu yote ile ya msitu.

Basi hizo ndizo zilizosukumwa pembeni.

Karatasi ya mkaguzi ilikuwa mfukoni mwa aproni. Bibi alijua, akanitazama akisubiri niitoe. Sikuitoa. Miaka sitini amekula uyoga ulioletwa na marehemu mumewe na hakuna mkwe aliyemdai mzee yule muhuri. Bibi alipoona sitoi, akaivuta ile sahani, akaweka ravioli za mkwewe juu ya zake, akaniambia, "Keti, binti yangu, zinapoa." Tukala sisi wawili. Mtoto wake wa kiume naye, baada ya muda, akachukua uma. Watoto walikula tambi za siagi.

Mnaoniandikia kuulizia kazi za kutunza wazee, msidhani nawakatisha tamaa. Ukiishi nyumbani kwa mwajiri, mkataba wa kitaifa wa kazi za nyumbani unasema mwisho saa 54 kwa wiki, mapumziko saa 36, na Desemba mshahara wa ziada, wa kumi na tatu. Dalali anayesema mambo ya mkataba mtaongea ukifika, mkimbie. Na jifunze Kiitaliano kabla hujapanda ndege, kwa sababu siku ukisukumiwa sahani utataka kuelewa kila neno lililosemwa.

Jumatatu asubuhi simu iliita saa moja. Alikuwa mke wa mtoto. Akauliza mama mkwe ameamkaje. Nikamwambia ameamka vizuri na anaulizia zilizobaki. Akanyamaza kidogo, akasema sawa, akakata.

Wanasema mvua inakuja Alhamisi. Ikinyesha, Jumamosi nitapanda na kikapu, na nikishuka nitapitia tena kwa mkaguzi kabla ya kwenda nyumbani. Naenda kwa ajili ya ini la bibi na langu. Karatasi itabaki mfukoni.