Tundu la Upande wa Kushoto

Oktoba 2006 nilikuwa mhariri wa picha wa jarida moja la Mombasa ambalo siku hizi halipo. Cheo kinasikika kikubwa, lakini idara nzima ilikuwa mimi, kompyuta moja na feni iliyopuliza upande inaotaka. Toleo lile tulikuwa na kurasa mbili juu ya K-219, nyambizi ya Kisovieti iliyozama Atlantiki miaka ishirini nyuma. Makala niliiandika mwenyewe, na picha nikaitafuta mwenyewe.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Tarehe 3 Oktoba 1986, mbali sana kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Bermuda, maji ya bahari yalipenya ndani ya bomba mojawapo la kurushia makombora, yakakutana na kemikali za fueli, bomba likalipuka. Tarehe 6 nyambizi ikazama. Mabaharia wanne walikufa. Mmoja wao, Sergei Preminin, kijana wa miaka 20, aliingia kwenye chumba cha kinu cha nyuklia akakizima kwa mkono wake, halafu mlango ukagoma kufunguka. Sentensi hiyo niliiandika mara nne nzima na bado sikuridhika nayo.

Sasa picha. Mhariri mkuu alikuja na ya kwake: nyambizi ya aina ya Typhoon iliyopigwa kutoka angani, bahari shwari, rangi safi, kila kitu kimetulia. "Weka hii," akasema. "Ile yako ina chenga. Na msomaji wa hapa atajuaje?"

Nikamwambia atajua, na hata asipojua si hoja. Typhoon ina makombora 20 na yote yamepangwa mbele ya mnara, kile kibanda kinachochomoza juu ya mgongo wa nyambizi. K-219 ilikuwa na mabomba 16, safu mbili za manane manane, nyuma ya mnara. Kuweka ile badala ya hii ni kama kuandika habari za mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, ukabandika picha ya jahazi la misumari. Alinitazama kama mtu aliyeombwa mkopo, akaondoka. Kusema kweli nilijisikia bingwa. Nilikwenda kujinunulia kahawa na kashata.

Picha yangu ilipigwa kutoka kwenye ndege ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Nyambizi iko juu ya maji, imesimama, haina hata povu nyuma yake. Niliipima kwa namna nilivyofundishwa. Nikaifungua kwa ukubwa wake kamili, nikapita nayo kutoka kona hadi kona. Chembechembe zilikuwepo, hasa kwenye maji, lakini ukingo wa mnara ulikuwa mkali, haukuvujiana na bahari. Hakuna mtikisiko wa mkono. Nikapiga hesabu ya nukta 300 kwa inchi, kipimo cha kuchapia, ikatosha upana wa ukurasa na ziada kidogo. Kilichonipendeza zaidi ni kwamba nyuma tu ya mnara, pale kifuniko cha bomba kilipong'oka, jeraha lilionekana wazi, jeusi, bila mtu kuhitaji kuelekezwa. Picha ya nyambizi kutoka angani mara nyingi haikuonyeshi kitu zaidi ya gogo jeusi. Hii ilikuwa na habari ndani yake.

Tatizo likawa moja: ukurasa ulikuwa wa kulia, na nyambizi ilikuwa inatazama nje. Wapanga kurasa wana sheria yao, kwamba sura ya mtu, gari au ng'ombe itazame ndani, kwenye maandishi. Kijana wetu wa kupanga kurasa akaniuliza tufanyeje. "Igeuze," nikamwambia. Akabonyeza mara moja, kulia ikawa kushoto kama kwenye kioo. Hapakuwa na namba wala herufi ya kutusuta kwa kusomeka kinyume. Ikapendeza sana.

Usiku, saa tatu hivi, msahihishaji wetu akaniita. Alikuwa mzee wa Lamu, tukimwita Ami, aliyefanya kazi majahazini kabla macho yake hayajahamia kwenye karatasi. Alisahihisha kwa rula ya mbao, mstari kwa mstari. Rula ilikuwa imelala juu ya picha.

"Mwanangu, omo ni wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Mnara uko karibu na omo, yaani mbele ya chombo.

"Na tezi, huko nyuma?"

Nikamwonyesha.

"Haya. Simama juu yake, uso omoni. Hilo tundu liko mkono gani?"

Nikajiona nimesimama pale juu, maji pande zote. "Wa kulia, Ami."

Hakusema kitu. Alisogeza rula hadi aya yangu ya tatu, akaiacha pale. Nilikuwa nimeandika: bomba namba 6, upande wa kushoto.

Masikio yangu yalipata moto. Vipimo vyangu vyote, nukta, chembechembe, ukali wa ukingo, havikubadilika hata kimoja baada ya picha kugeuzwa. Ningeipima tena usiku ule ningeipa alama zilezile. Na ni mimi, yule wa mtepe na jahazi asubuhi.

Nikajaribu kujitetea kwamba labda hakuna atakayegundua. Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu nikayatambua ni ya nani, nikanyamaza. Ami akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kikoi.

"Chombo hakigeuzwi kwa kuwa gati limekaa vibaya," akasema, akaendelea na ukurasa uliofuata.

Kijana wa kupanga kurasa alishavaa viatu vya kwenda nyumbani. Nilimrudisha. Tulijaribu kuihamishia kwenye ukurasa wa kushoto, makala ikavunjika, tukairudisha. Jarida likatoka hivyohivyo, omo ikitazama nje ya ukurasa, tundu mahali pake. Mhariri mkuu alisema nyambizi inaonekana kama inatoroka. Kijana hakunisemesha mpaka Jumatatu.