Jinsi tulivyozileta fedha za zahanati mbele ya mkutano wa kijiji

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani, hapa Tanzania zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya badala ya kukaa halmashauri. Kwa zahanati ndogo kama yetu, mkoani Dodoma, hayo ni mageuzi makubwa. Lakini nilipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya usimamizi wa zahanati, wanakijiji wengi hawakujua hata kama zahanati ina akaunti. Kamati yenyewe ilizoea kuitwa kusaini mpango uliokwisha kuandikwa.

Nilianza na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ila bajeti huandaliwa miezi mingi kabla, na kipindi hicho kikipita huna tena pa kusemea. Nikamwomba mganga mfawidhi, ambaye ndiye katibu wetu, tukae pamoja kabla hajajaza chochote. Alifurahi. Alikuwa amechoka kulaumiwa peke yake kila dawa zikiisha.

Kisha tukaenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Taarifa ya kwanza ilijaa vifungu na bakaa, na watu wakabaki kimya. Mkutano uliofuata nilisoma vitu vyenyewe: amoksilini makopo mangapi, glovu boksi ngapi, zimeingia lini, zimebaki ngapi. Mama mmoja akasimama.

"Mwenyekiti, kama glovu zinanunuliwa, mbona wajawazito tunaambiwa tuje nazo?"

Swali hilo lilikula sehemu kubwa ya mkutano, na ndilo lililopanga bajeti yetu iliyofuata: vifaa vya kujifungulia kwanza, uzio baadaye.

Ilinibidi nijifunze njia ya dawa ili niweze kuieleza. Dawa mseto ya malaria haitoki kwenye fedha zetu. Inaletwa na mpango wa taifa. Nyingine tunaagiza Bohari ya Dawa ya serikali, na kisichopatikana huko kinaagizwa kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa kwa mkoa, baada ya Bohari kuthibitisha kwamba haina. Utaratibu huo wa mshitiri, unaoitwa Jazia, ulianzia hapa hapa Dodoma mwaka 2014. Sisi tulikuwa tunapoteza muda katikati ya hatua hizo mbili, kwa hiyo mjumbe mmoja akapewa kazi ya kufuatilia kila ombi mpaka lijibiwe.

Jambo lililotuumiza kichwa zaidi ni wazee. Sera inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Nani hana uwezo? Wengine walitaka orodha isomwe mkutanoni kama tulivyosoma fedha. Nilikataa, na hadi leo nasimamia hapo: fedha ni za wote, lakini umaskini wa mtu ni wake, hautangazwi kwa kipaza sauti. Tukakubaliana wenyeviti wa vitongoji walete majina, afisa ustawi wa jamii wa kata apite nyumba kwa nyumba, na mwenye malalamiko aje kwenye kamati faragha. Tuliwapata wazee ambao hakuna aliyewataja, hasa wajane wanaolea wajukuu. Hao huwa hawaji zahanati kabisa, kwa hiyo hawaonekani kwenye daftari lolote.

Sasa kinachotusumbua ni gharama. Mzee anapotibiwa bure, dawa anayopewa imenunuliwa kwa fedha za zahanati, na hakuna fungu linalorudisha thamani yake. Kadiri tunavyowatambua wazee wengi, ndivyo makusanyo yetu wenyewe yanavyopungua. Huwezi kukishushia kijiji wajibu wa kuwahudumia wasiojiweza bila kukishushia na fedha zake. Tumeliandika hilo kwenye muhtasari wa kamati, tumelipeleka kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na diwani wetu ameahidi kulifikisha kwenye baraza la madiwani kabla ya bajeti ijayo kufungwa.