Ritifaa ya wiki mbili

Nimekuwa nikiiwaza ritifaa, ile alama ya ('), tena. Si ile ya ng'ombe na ng'ambo, ambayo haina ugomvi na mtu, bali ile ya Kiingereza inayojitokeza pale kipimo cha muda au fedha kinapotangulia nomino nyingine: two weeks' notice, five years' experience, three days' leave. Kwingine makosa ya alama hii hutokana na haraka. Hapa hata mwandishi makini husita, asijue aiweke kabla ya s, baada ya s, au aiache kabisa.

Sikio halimsaidii. Weeks, week's na weeks' hutamkwa sawasawa. Nasi tuliokulia kwenye Kiswahili tuna mzigo wa ziada, kwa sababu a-unganifu, yaani ya, wa, la na wenzake, hufuata kile kinachomilikiwa: likizo ya siku tatu, uzoefu wa miaka mitano. Siku ziwe tatu au thelathini, hiyo "ya" haitikisiki. Kiingereza hubandika alama upande wa pili, kwenye kipimo chenyewe, na kipimo kikiingia wingi alama inahama.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kushusha idadi hadi moja. Two weeks' notice inakuwa one week's notice. Itazame hiyo s: wiki ni moja tu, kwa hiyo haiwezi kuwa s ya wingi. Ni ya umilikaji. Ukirudi kwenye wiki mbili umilikaji bado upo, ila sasa neno lina s ya wingi tayari, na Kiingereza hakiongezi ya pili. Inabaki s moja, ritifaa inakaa nyuma yake.

Jaribu hivyo hivyo kwa two weeks pregnant. Mimba ya wiki moja ni one week pregnant. Hakuna s, basi hata wiki zikiongezeka hakuna ritifaa. Ndivyo ilivyo kwa six months old, three hours late na ten metres deep. Linalofuata kipimo hapo ni kivumishi, si nomino, na kivumishi hakimilikiwi. Kuna na a five-year contract, ambamo idadi na kipimo vimefungwa kwa kistari vikawa kivumishi kimoja, na s yenyewe imeondoka. Anayeandika a five-years' contract amechanganya miundo miwili katika neno moja.

Mahali pa kuyaona haya yote kwa pamoja ni barua ya kuacha kazi. Sheria za kazi za Tanzania na Kenya zote zinataja taarifa ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, kwa hiyo sentensi inayohitajika ni I hereby give twenty-eight days' notice. Kinachoandikwa mara nyingi ni 28 days notice, 28 day's notice, au 28-days notice. La kati ndilo baya kuliko yote, kwani linatamka siku moja huku tarakimu inasema ishirini na nane. Ukiamua kuhesabu kwa mwezi, ni one month's notice, alama kabla ya s.

Wapo wanaoiacha alama makusudi. Filamu ya Marekani ya mwaka 2002 iliingia sinema ikiitwa Two Weeks Notice, bila ritifaa. Hoja ya upande huo ni kwamba weeks inaeleza tu aina ya taarifa, haimiliki chochote. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaanguka ukishusha idadi: one week notice haikai vizuri. Miongozo miwili mikubwa ya uandishi ya Marekani, wa shirika la habari la AP na wa Chuo Kikuu cha Chicago, inaidumisha alama, nami niko upande wao.

Wingi usioishia na s una kanuni nyepesi: many people's lives, a lot of people's money, several children's names. Peoples' ni ya mataifa au makabila kadhaa, si ya watu wengi.

Kizungumkuti hasa kiko kwenye virai vyenye of. Chukua one of my brothers' wives. Kwa Mwingereza huenda hilo ni zoezi la sarufi tu. Kwetu, ambako kaka mmoja anaweza kuwa na wake wawili, ni swali la kweli. Je, ni mke mmoja kati ya wake za kaka zangu, au ni wake za kaka yangu mmoja? Maandishi ni yale yale, herufi kwa herufi. Kitenzi peke yake ndicho kinachotoa siri: one of my brothers' wives is a nurse ni mwanamke mmoja, kikiwa are nurses, ni wake za kaka mmoja. Katika wakati uliopita, came haina umoja wala wingi, na msomaji anabaki gizani.

Kabla ya kuandika, badilisha mmiliki kwa his au their. Ukimaanisha one of their cars, andika one of my friends' cars. Ukimaanisha his car, one of my friends' car ni sahihi kisarufi, lakini inasomeka kama kosa, na mhariri asiyekuwa makini ataongeza s kwenye car na kubadilisha maana. Bora kuandika a car belonging to one of my friends. Ni ndefu, lakini haina mtego.

Alama hukaa mwisho wa kirai kizima, na umbo lake huamuliwa na neno la mwisho. Two and a half years' work inaishia na years. A year and a half's work inaishia na half. A couple of days' rest, lakini a day or two's rest. Hii ya mwisho inaonekana kituko, ila ndiyo inayofuata kanuni.

Kwenye fedha, maneno hubeba alama na tarakimu zenye alama ya sarafu huiacha: ten dollars' worth, lakini $10 worth. Anayetaka kukwepa yote haya ana of, kwani three years of experience haihitaji ritifaa hata moja. Asije tu akaandika three years' of experience. Umilikaji umeshabebwa na of, na hiyo alama haina pa kukaa.