Siku moja nyuma ya dirisha la maabara, Mtwara

Saa 12:30 asubuhi bodaboda ananishusha getini. Navaa koti na barakoa, nawasha mashine, nasajili sampuli za wodini: mkojo, damu, usaha. Mtaani wanatuita "wapima mkojo". Sijalizoea jina hilo, na sitalizoea.

Saa 2. Usaha wa kidonda cha mguu naupaka rangi kwa njia ya Gram, daktari wa Denmark aliyeianzisha mwaka 1884. Ni dakika chache tu, lakini zikiisha najua natazamana na nani. Bakteria mwenye ukuta mnene huing'ang'ania zambarau. Mwenye ukuta mwembamba, uliofunikwa na utando wa nje, huiachia akabaki na waridi. Huyo wa waridi akiingia kwenye damu namhofia sana, maana vipande vya utando wake, hata yeye mwenyewe akishakufa, vinaweza kuuwasha mwili homa na kuishusha presha ghafla. Wa leo ni zambarau, wamejikusanya vishada vishada. Naandika, naendelea.

Saa 3:15 nafungua dirisha la makohozi, na hapo ndipo siku yangu yote ilipoishia.

Alikuja mzee mmoja, mkulima wa korosho kutoka Tandahimba. Amemaliza miezi 2 ya dawa za kifua kikuu, ameletwa kupimwa maendeleo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Fanya upesi, basi langu linaondoka saa 8."

Nafungua kikopo: mate matupu. Namwomba aende nje pale uwazini, avute pumzi ndefu, akohoe kutoka kifuani. Akafoka. "Sikohoi tena! Nimenenepa, nakula, ninyi mnanitafutia ugonjwa tu." Tulibembelezana karibu saa nzima mpaka akaleta makohozi yanayopimika.

Slaidi ya kifua kikuu haiparamiwi. Unapaka, unakausha, unamwagia fuksini nyekundu, halafu unapitisha moto chini yake mpaka mvuke ufuke bila kuchemka. Pasipo moto rangi haipenyi, kwa sababu ukuta wa mdudu huyu umejaa mafuta mazito kama nta. Unangoja dakika 5. Unaosha, unamwaga spiriti yenye asidi, na kila kilichomo kinapauka isipokuwa yeye. Nta ileile iliyoikataza rangi kuingia sasa inaikataza kutoka. Mwisho bluu, ili chekundu kionekane.

Ndipo umeme ukakatika.

Nikaitoa hadubini ya zamani yenye kioo, nikaitega dirishani nipate mwanga wa jua. Maeneo 100 ya slaidi, moja baada ya jingine. Barakoa imelowa jasho, shingo inauma, na babu anagonga dirisha kila baada ya muda mfupi. Eneo la 23, vijiti 2 vyekundu. Halafu kimya kirefu. Halafu kimoja. Mpaka namaliza nilikuwa nimehesabu 14. Mwenzangu akarudia kusoma, naye akaviona.

Basi la saa 8 likaondoka bila yeye. Nesi wa kliniki alipompa majibu, babu alinirudia moja kwa moja. "Umekosea. Rudia." Nilichoka, na niliumia. Nikavua glavu, nikanawa, nikatoka kukaa naye kwenye benchi.

"Babu, korosho ghafi unaibangua kwa meno?"

"Nani aweke ganda lile mdomoni? Mafuta yake yanababua."

"Sasa unafanyaje?"

"Unaichoma kwanza."

Nikamwambia mdudu wake naye ana ganda la mafuta. Seli za ulinzi mapafuni zinammeza, lakini mara nyingi zinashindwa kumsaga, anaishi humohumo ndani yake. Penisilini, inayovunja ujenzi wa kuta za bakteria wengi, kwake haifui dafu. Ndiyo maana alianza na dawa 4, na mbili kati ya hizo, aisonaizidi na ethambutoli, zinamzuia kulijenga ganda hilo. Tena ni mzito wa kuzaana: bakteria wa tumboni akipata nafasi hugawanyika kila dakika 20, huyu hutumia karibu siku nzima. Wengine hutulia tu, na dawa huwapata kwa shida. Kwa hiyo miezi 6, hata kama kifua kimeshanyamaza.

Akafikiri. "Hivyo vyekundu ulivyoviona, ni vizima?"

Mwaka huu sijaulizwa swali zuri kama hilo. Nilimjibu kweli: slaidi hainiambii. Aliyekufa bado ana ganda lake, na ganda ndilo linaloshika rangi. Inabidi makohozi mengine yapelekwe kuoteshwa, maana mzima ndiye anayeota, na majibu yake ni ya wiki kadhaa.

"Ganda tupu nalo kwa mbali ni korosho," akasema.

Akaniomba kikopo cha alfajiri, akaenda kulala kwa dada yake Chikongola. Umeme ulirudi jua likizama. Slaidi 9 zilikuwa bado zinanisubiri mezani.